Baba Mapasa si jina la baba yangu

Sista wa nyumba ya wazee anakotunzwa baba alipiga simu saa kumi na mbili asubuhi, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Mama, usiogope, mzee hajafa." Nikashika teksi-basi toka Katuba, mtaa wa Lubumbashi, nikiwa bado na kitambaa cha kulalia kichwani.

Kumbe walimkuta baba kitandani mwa mama mmoja wa upande wa wanawake. Wote wamevaa nguo, wamejifunika kitenge kimoja, usingizi mzito. Sista alinieleza huku anatazama sakafu.

Baba ni mtu wa Gécamines, kampuni ya migodi, mmoja wa wale walioondoka na departi volontere, kuacha kazi kwa hiari, ya mwaka 2003. Leo hakumbuki kama ameshakula. Mama yangu yu hai, na hilo ndilo lililonichoma. Aibu tu, si kingine. Nilikuja nimeshaamua watenganishwe. Mtoto wa yule mama, anayekaa Likasi, alishadai hivyohivyo kwa simu, tena kwa makelele.

Halafu nikaketi nao chini ya mwembe. Nilikuwa nimebeba chikanda, kile chakula cha mizizi na karanga. Baba akaimega kwa vidole, kipande kikubwa akampa yeye. Yule mama akapokea kwa mikono miwili: "Aksanti, Baba Mapasa."

Baba hakuzaa mapasa, yaani mapacha. Mwenye mapasa ni marehemu mume wake.

Tangu hapo aibu yangu ikawa jambo dogo. Akimkubali baba huku akimwona mume wake, amemkubali nani?

Nilishasoma habari za Sandra Day O'Connor, jaji wa Marekani aliyeacha Mahakama Kuu mwaka 2006. Mumewe alikuwa na Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na mwaka 2007 ikajulikana kwamba amempenda mwanamke mwingine katika nyumba alikotunzwa. Mtoto wao akaeleza kuwa mama amefurahi kuona baba ametulia. Sawa, lakini wote wanamsifu mke. Yule mwanamke mwingine haulizwi na mtu. Na huko Iowa, Henry Rayhons, mbunge wa jimbo, alishtakiwa mwaka 2014 kwa kulala na mke wake wa ndoa, mgonjwa wa Alzheimer, baada ya kuambiwa kwamba mke hana tena uwezo wa kukubali. Mwaka 2015 mahakama ikamwachilia. Basi hata ndoa halali haikutosha kumaliza swali.

Sista na mimi tukaacha kubishana juu ya dhambi, tukaanza kumwangalia yule mama. Asubuhi ana akili kiasi, jioni inapotea. Nani anamfuata mwenzake? Akishikwa mkono, mabega yanalegea au yanakaza? Jumanne moja aliuvuta mkono wake, akageukia ukuta. Baba akafoka. Muuguzi akamwondoa baba, nami sikubisha.

Sasa mchana wanaketi pamoja, usiku kila mtu kwake. Pengine tumewabana. Lakini saa ile ya jioni, wakati yule mama hajui yuko wapi, siwezi kumkubalia mimi kwa niaba yake. Mtoto wa Likasi bado ananuna.

Mama yangu alikwenda mara moja, akawaona, akarudi kimya. Yeye si jaji wa Marekani. Ila Jumapili hii alinipa chikanda nipeleke, vipande viwili, kila kimoja kimefungwa peke yake.