Sindano butu ya Kongowea

Hii ni 2011, nimemaliza fomu foo, matokeo yashatoka, nangoja kuitwa kolej na kazi yangu ni kukaa Kibokoni, Mombasa, kwa nyanya, kutumwa dukani na kuchekecha unga wa mahamri. Siku moja nikavuka daraja la Nyali kwenda Kongowea kutafuta mkoba wa mtumba, nikapata mmoja kwa shilingi 150, na nilipofika nyumbani nikaugeuza nje ndani niufue nikakuta mna kitu kimeviringishwa huko chini.

Ilikuwa kanvasi. Wakati huo sikujua jina, niliona tu kitambaa kigumu cha matundu matundu kama wavu wa dirishani, kimechapwa picha ya mawaridi ya kujazwa kwa mishono, na mtu alishaanza kushona pembeni vidole viwili hivi halafu akaacha. Kando yake mafungu ya uzi wa sufu yenye lebo za DMC, wale wa Ufaransa, kila rangi na nambari yake, sindano moja nene, na karatasi ya maelezo ya Kiingereza yenye michoro.

Nyanya ndiye alonifanya nisiitupe. Yeye maisha yake yote ameshona kofia za vito, zile tundu ndogo ndogo zinazozungushiwa uzi moja moja mpaka macho yanauma, kofia moja miezi, na ndizo zilizosomesha mamangu na ndugu zake. Akaichukua ile sindano, akaigusa ncha, akanitazama.

"Sindano hii mbona haina ncha? Ya kushonea au ya kuchokolea meno?"

Nikasoma karatasi nikamwambia nyanya, hapa wasema iwe butu kwa sababu tundu zishakuwapo, ncha kali itapasua uzi wa kanvasi yenyewe au uzi ulioshona jana. Akanyamaza kidogo. "Haya, ana akili huyo alosema."

Nikaamua niushone uwe mto wa khalati mdogo, harusi yake ilikuwa Juni. Kanvasi ilikuwa na tundu 10 kwa inchi na picha ni inchi 14 kwa 14, nikapiga kalkuleta ya simu nikapata mishono 19,600, nikacheka, nikaona ah si kitu, mbona mwezi mzima upo. Ujinga wa umri huo.

Karatasi ilikuwa na michoro ya mishono mitatu. Kwa mbele yote ni sawa, kamstari kadogo kalolala upande, tofauti iko nyuma. Mimi nikachagua ule wa kwanza, wa nusu msalaba, kwa sababu ndio unaokula uzi mchache. Nikajipinda barazani, kanvasi mkononi bila fremu, navuta uzi kwa nguvu zangu zote nikidhani ndio ushonaji imara, jasho la Aprili latiririka mpaka sufu ikawa yanata vidoleni. Uzi nilikuwa nakata mrefu kama kamba ya tiara ili nisitie sindano kila mara. Ukifika katikati ushakonda na kutoka manyoya.

Nyanya akauona akaukata pale pale. Akanipimia kwa mkono wake, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. "Dhiraa. Usizidishe." Usiku nikasoma karatasi nikakuta imeandikwa inchi 18, nikaenda na rula nikampima mkono, inchi 18 kasoro kidogo. Akaniambia nimpe chai badala ya kumpima kama maiti.

Kwenye fundo ndipo walipogombana, yeye na karatasi. Kwake fundo ni aibu, kofia yenye fundo mnunuzi airudisha. Karatasi yasema anza na fundo, tena kwa MBELE, mbali kidogo na unapoanzia, halafu ushone kuelekea kwenye hilo fundo na mkia wa uzi ufunikwe huko nyuma, ukifikia lile fundo unalikata unatupa. Nilimwonyesha mara tatu. Mara ya tatu akasema "kumbe halikai", akaridhika.

Basi baada ya wiki tatu nusu ya mto imeisha, nikaiweka mkekani niitazame. Ilikuwa imelala upande. Pembe mbili zimevutika, mbili zimeingia ndani, mraba hakuna tena. Nyanya akapita na kikombe chake cha kahawa tungu. "Umeshona kashata," akasema, akaenda zake.

Nililia wallahi. Kisha akarudi, akaketi, akaitaka ile karatasi. Kiingereza hajui neno, lakini akaanza kutazama michoro ya nyuma ya mishono, wa kwanza, wa pili, mpaka wa tatu akaugonga kwa kidole. "Huu hapa. Huu umesukwa kama mkeka, wavuta huku na huku, hauwezi kwenda upande." Nao ndio ule unaoitwa mshono wa kikapu, unashonwa kwa mshazari, unashuka ngazi halafu unapanda, na kweli nyuma yake ni kama ukili. Kwa hiyo nusu iliyobaki nikaishona hivo, polepole, uzi haukazwi, na kila baada ya mishono kadhaa naiachia sindano ining'inie ijizungushe, msokoto utoke.

Halafu uzi mwekundu ukaisha. Nikazunguka Biashara Street yote na vichochoro vyake, sufu kama ile hakuna, mwishowe nikauziwa uzi wa masweta usio na lebo, na muuzaji akaniapia rangi haitoki. Nikashona nao waridi moja zima. Kabla hatujalowesha kanvasi ili kuinyoosha nyanya akachukua kitambaa cheupe, akakitia maji, akakikandamiza juu ya kila rangi. Zile za Ufaransa, kavu. Ile yangu ikaacha doa kama mtu ametafuna tambuu. Jioni mbili tukafumua, yeye na kijimkasi chake cha kofia akikata mshono mmoja mmoja kwa mbele, mimi nachomoa vipande kwa nyuma, na waridi hilo nikalishona upya kwa uzi wa DMC wa rangi ya waridi uliokuwa umebaki. Ndio maana moja limepauka. Watu husifu ati ni kivuli.

Kunyoosha sasa. Tulitoa mlango wa kabati bovu, nikachora mraba wa inchi 14 kwa skwea ya fundi wa jirani, tukainyunyizia kanvasi maji baridi mpaka ile wanga inayoikaza ikalainika, nyanya akashika pembe moja mimi ile ya mshazari wake tukavuta, tukacheka, tukavuta tena, nikapigilia misumari pembeni kila inchi. Misumari yenyewe ya kuokota uani. Karatasi ilisema wazi itumike isiyoshika kutu, mimi nikapita tu hapo, na hewa yetu ya chumvi unaijua. Masika ndio yamepamba moto, juani haitakiwi, feni inazimika na stima, basi siku nne mlango umelala sebuleni umefunikwa leso na kila mgeni aruka. Tulipong'oa kila tundu la msumari lina pete ya kutu. Bahati yangu nilipigilia kwenye ukingo usioshonwa, ule unaopindwa ndani.

Mraba kamili haikuwa, lakini kashata haikuwa tena.

Khalati alipopewa mto hakutazama mawaridi. Ni mtoto wa nyanya huyo, akafungua zipu akatia mkono akaugeuza auone nyuma. Nusu moja nyepesi, mistari mistari, nusu ya pili mkeka. Hata kwa mbele ukiuinamisha kwenye mwanga unauona mpaka wake, kamfereji kanakatiza waridi la katikati.

"Hapa ndipo mama alipokuja kuketi," akasema, na kidole chake kiko pale pale.