Saini ya Mwalimu

Jana nimeumia sana. Ile picha ya Mwalimu Nyerere yenye saini, niliyoinunua karibu na soko la Majengo hapa Dodoma, saini yake ni feki. Baba mdogo aliitoa juani, akanipa kioo cha kukuzia: "Mwanangu, angalia mwenyewe." Wino wa kalamu huacha mstari unaotiririka, na mara nyingi karatasi hubonyea kidogo. Hapa ni vidoti vidoti vya mashine ya kuchapa. Muuzaji kashikilia kwamba babu yake alisainiwa ana kwa ana, na hela harudishi. Mwalimu alifariki 1999, tutamuuliza nani? Wapo wanaonishauri niiuze kimya kimya. Siwezi! Nimeshaandika nyuma kwa penseli: "Saini imechapwa."