Hakuitwa Kuweka Shada

Kaka mkubwa ameweka tangazo kwenye kundi la familia la WhatsApp: ibada ya kumbukumbu ya Mzee, mwezi ujao, nyumbani. Picha aliyotumia ni ile ya studio, Mzee kasimama na suti ya kijivu, mama mkubwa, mke wake wa kwanza, kakaa kwenye kiti mbele yake. Chini pameandikwa "Wazazi wetu wapendwa". Watu wanajibu amina, amina. Mimi nimeshika simu tu, na akili imenirudisha Berlin, mwaka ule Mama, yaani mama yangu mzazi, alipokuja kunitembelea nikampeleka kwenye kasri la Charlottenburg.

Sitaki kuwachosha na habari za kasri lenyewe. Mama alipita vyumba vya dhahabu haraka haraka, akasimama kidogo kwenye kile chumba ambacho sahani na vikombe vya kaure vimepangwa ukutani mpaka juu darini, akauliza nani anafuta vumbi. Baridi ilikuwa bado inauma, kajifunga mtandio wake na koti langu juu ya baibui. Nilitaka turudi nyumbani. Yeye ndiye aliyeona ile njia ya bustanini, miti mirefu ya giza huku na huku, na mwisho wake kijumba cha mawe chenye nguzo nne mbele. Akasema, twende tukaone kuna nini.

Ni makaburi. Mfalme wa Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, Friedrich Wilhelm III, alimjengea humo mkewe Luise, aliyekufa Julai 1810 akiwa na miaka 34. Luise kalala juu ya kaburi lake, kachongwa kwa marumaru nyeupe na mchongaji Christian Daniel Rauch. Nimeona sanamu nyingi katika nchi hii, lakini ile inakushika. Kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, mikono iko kifuani, nguo imemwangukia mwilini na mikunjo yake, hata unaona mguu mmoja umepita juu ya mwenzake kama mtu aliyepitiwa na usingizi mchana. Mama aliinama akaitazama ile miguu kwa muda mrefu. Halafu akamwangalia mfalme, naye kalala kwa marumaru kando yake.

"Huyu mume alikufa lini?"

"1840."

Akahesabu. Mama hahesabu kwa sauti, ila vidole vyake vinatembea.

"Miaka thelathini. Nani alikuwa anamtunza miaka yote hiyo?"

Sikuwa nimepanga kumweleza. Nilishazisoma habari za yule mwanamke, na nilijua zitafika wapi zikiingia masikioni mwa Mama. Lakini aliniuliza.

Nikamwambia anaitwa Auguste von Harrach. Binti wa ukoo wa kikabaila, Mkatoliki. Mfalme alimwona mwaka 1822 kule Teplitz, Bohemia, kwenye chemchemi za maji ya moto, na tarehe 9 Novemba 1824 wakafunga ndoa humu humu Charlottenburg, kwenye kanisa dogo la kasri, kwa faragha, mashahidi wachache. Yeye ana miaka 24, mfalme 54. Ilikuwa ndoa ya mkono wa kushoto, ndivyo Wajerumani walivyoziita ndoa za mtu wa ukoo wa kutawala na mke asiye wa daraja lake. Ndoa ni halali mbele ya Mungu, lakini mke hapandi cheo cha mume, na watoto, kama wangekuwepo, wasingerithi kiti. Auguste hakuitwa malkia. Alipewa cheo cha Fürstin wa Liegnitz, cheo cha kikabaila kilicho chini ya malkia, na katika shughuli za kasri nafasi yake ilikuwa nyuma ya wana na mabinti wote wa mfalme, hata wa mwisho. Mwaka ule wa harusi kitinda mimba, Albrecht, alikuwa na miaka 15. Wale wakubwa watatu walimzidi umri huyo mama yao wa kambo.

"Alibadili dini?"

"Alibadili, 1826. Akawa Mprotestanti kama mumewe."

"Wakamkubali?"

Nikamwambia mfalme alipougua, ni yeye aliyekaa naye kitandani na kumuuguza mpaka mwisho. Na mfalme alipokufa, mtoto wake mkubwa, aliyekuwa sasa ndiye mfalme, aliagiza mama huyo asihudhurie mazishi.

Mama hakusema kitu. Alizunguka kile chumba polepole. Kuna makaburi mengine mawili ya marumaru, akasoma jina kwa shida, akaniita, uso umechangamka. "Si huyu hapa? Augusta." Ikabidi nimwambie hapana, huyo ni mkwe, mke wa Kaiser Wilhelm I, mtoto wa mfalme. Auguste alikufa Juni 1873, naye kweli yuko humu, lakini yuko chini, kwenye chumba cha chini ya sakafu. Yeye hana marumaru. Kule chini yuko pia Albrecht, yule kitinda mimba aliyekuwa akipita mbele yake, aliyekufa mwaka mmoja kabla.

"Tunaweza kushuka?"

Nikamuuliza msimamizi. Akatikisa kichwa, wageni hawashuki.

Mama akasimama pale katikati, akatazama sakafu.

Nyinyi mnaotufahamu mnajua. Mama na Mzee waliandikishana bomani, kwa kuwa yeye Mwislamu wa Pangani na Mzee mtu wa kanisa, mjane mwenye watoto wakubwa. Hakubadili dini, na Mzee hakumwomba abadili. Kiharusi kilipompiga Mzee, Mama ndiye aliyejifunza kumgeuza kitandani asipate vidonda, kumlisha uji kwa kijiko kidogo, kumwelewa anaposema maneno yasiyoeleweka na mtu mwingine yeyote. Siku ya mazishi ulisomwa wasifu wa marehemu. Kuzaliwa, shule, kazi, ndoa takatifu na mama mkubwa, watoto aliojaliwa, na mimi nikiwa jina la mwisho, kama vile nilidondoka kutoka mbinguni. Kisha: "Marehemu aliugua muda mrefu na aliuguzwa na familia." Yakaja mashada. Mwongozaji aliita watoto, wakwe, wajukuu, kwaya, jumuiya, majirani, wafanyakazi wenzake. Mama alikuwa amekaa chini ya turubai na wanawake wa mtaani, kanga kaivuta mpaka kwenye paji la uso. Niliitwa na watoto, nikaenda, nikaweka shada. Hadi leo sijui kama nilipaswa kwenda au kubaki naye.

Hatujawahi kuizungumzia siku ile. Mpaka pale bustanini, tulipotoka tukakaa kwenye benchi lenye jua kidogo, ndipo akaanza yeye. Hakuanza na mazishi. Aliuliza Auguste aliachiwa nini. Nikamwambia alipewa matunzo yake, na Potsdam, kwenye bustani ya Sanssouci, bado ipo nyumba inayoitwa kwa cheo chake, Villa Liegnitz, aliyoitumia ujane wake.

"Afadhali," akasema. Yeye aliondoka kwa Mzee na mabegi yake na cherehani. "Alizaa?"

"Hakuzaa."

"Maskini. Sasa nani anakumbuka alivyomuuguza?"

Hapo nikapandwa na hasira, nikaanza kumsema yule mwana wa mfalme. Nikasema ni roho mbaya. Nikasema hata huyo Albrecht, mwaka 1853, yeye mwenyewe alikuja kufunga ndoa ya namna ile ile, na binti wa jenerali asiye wa daraja lake, akaona joto lake. Mama aliniacha nimalize. Alijua simsemi mwana wa mfalme.

"Mwanangu, wale walikuwa na mama yao," akasema. "Umemwona alivyolala pale ndani. Wamemzika wakiwa wadogo. Baba analeta binti wa rika lao. Siku baba anakufa, wanataka mama yao awe mke wake tena, basi. Hata kaka zako, niliwaona siku ile. Walikuwa wanamzika baba na kumzika mama yao mara ya pili. Mimi ningewaambia nini?"

"Ungewaambia uliosha mwili wa baba yao kila asubuhi."

"Wanajua."

Akavua kiatu, akatoa kijiwe kilichoingia, akakivaa tena. Kisha akaniuliza, na aliniuliza kwa kutaka jibu:

"Ingekuwa mimi ndiye nimetangulia, na baba yako ameoa mwingine. Ungekubali huyo mwanamke aitwe mbele ya jeneza kabla yako?"

Nikamwambia ningekubali.

"Unasema hivyo," akajibu, "kwa kuwa mwanamke mwenyewe unayemfikiria ni mimi."