Draiva ya ENC28J60: rmmod imekubali hatimaye

Jamani imekubali! Mizunguko 1000 ya insmod na rmmod (kupakia na kutoa moduli ya draiva kwenye kerneli ya Linux), huku laptopu inaipiga Raspberry Pi ping mfululizo, na dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli) iko safi kabisa. Wiki mbili na nusu nimekaa na hii bagi.

Draiva yangu (ya ENC28J60, ile chipu ya mtandao ya Ethernet ya 10 Mbps yenye bafa ya 8 KB, inayounganishwa na Raspberry Pi kwa waya za SPI) ilishatuma na kupokea vizuri zamani, shida ilikuwa kuondoka. Ukitoa moduli mtandao umetulia, hakuna kitu. Ukitoa trafiki ikiwa inapita, mara ya 7, mara ya 40, kerneli inaanguka, na kila ikianguka inataja sehemu tofauti.

Printk (kuchapisha ujumbe kutoka ndani ya kerneli) haikunisaidia hata kidogo, ukiiweka tu muda unabadilika na bagi inajificha. Washeni KASAN (kikagua makosa ya memori cha kerneli). Najua inakula moja ya nane ya memori na kila kitu kinakuwa kizito lakini ndani ya dakika kumi iliniambia kila kitu: memori inaguswa baada ya kuachiliwa, anayegusa ni handla ya intarapti (kodi inayoendeshwa chipu ikiita), aliyeachilia ni free_netdev (inaachilia net_device, muundo wa kerneli wa kifaa cha mtandao) niliyoiita mwenyewe ndani ya remove (fankshoni ya kuondoa draiva). Na priv (data ya draiva yangu) inakaa ndani ya net_device, kwa hiyo vinaondoka pamoja.

Nikabisha. unregister_netdev si inaita stop, na stop yangu inazima INTIE (biti ya chipu inayoruhusu intarapti), sasa intarapti inatoka wapi? Siku tatu hapo! Kumbe handla inaendeshwa na thredi, ikianza inazima INTIE, ikimaliza inaiwasha tena. Stop ikiingia katikati inazima, halafu thredi inamalizia kazi yake na kuwasha upya, chipu iko hai na mimi nimeshaachilia memori. Na kwa sababu nilitumia devm_request_threaded_irq (devm ni kuiachia kerneli isafishe yenyewe), IRQ yenyewe (laini ya intarapti) inaachiliwa baada ya remove kurudi, yaani nimeshachelewa.

Nilijaribu kuweka cancel_work_sync (inafuta kazi ya draiva iliyopangwa kufanyika baadaye) juu kabisa ya remove, ikatulia siku moja nikafurahi, ikarudi, maana handla ilikuwa inapanga ile kazi upya.

Mpangilio uliokubali: unregister_netdev, halafu free_irq (inasubiri mpaka thredi imalize, hiyo ndiyo raha yake), halafu cancel_work_sync, mwisho free_netdev. devm nimeitoa kwenye IRQ. Sio mbaya, ila kuchanganya nusu devm nusu mkono ndiko kulikoniumiza, bora uende na moja mpaka mwisho.

Leo nilipanga kuongeza takwimu za ethtool (zana ya kuangalia kadi ya mtandao). Nimeziacha, kwa sababu nimegundua njia ya kufeli ndani ya probe (fankshoni ya kuanzisha kifaa) sijawahi kuijaribu hata mara moja na goto zake niliziandika usiku wa manane. Nimewasha failslab (inafanya maombi ya memori yafeli makusudi), kompailesheni inaendelea sasa hivi.