Siku Moja Nikidarizi Mavazi ya Kabila Ambalo Halipo

Wanaopita mbele ya fremu yangu ya duka hapa Ngarenaro, Arusha, humwona mwanamke aliyeinamia kitambaa, na wengi huamini kwamba kudarizi ni kazi ya kusogezea muda. Nimeifanya kwa miaka 19, kwa hiyo nimeona niieleze Jumanne iliyopita kama ilivyokwenda.

Saa 11 alfajiri niliamka nyumbani Kwa Mrombo, nikachemsha chai, na saa 1 na nusu nilikuwa ndani ya kifodi, daladala ndogo ya hapa Arusha, mikono nimeificha chini ya khanga, kwa sababu baridi ya Julai hukakamaza vidole na vidole vilivyokakamaa havishiki sindano. Kufikia saa 3 nilikuwa nimekunja pindo za sketi tatu za shule, nimemaliza shingo ya kanzu moja, na nimemtuma mwanafunzi wangu sokoni kununua uzi.

Kazi kubwa ya wiki ilikuwa ya kikundi cha maigizo: mavazi 5 ya kabila la wafugaji wahamaji ambalo halipo popote duniani, na ambalo mteja wangu amekwisha kulibadilishia jina mara mbili tangu alipe malipo ya awali. Nilipoipokea nilidhani itakuwa nyepesi, kwa kuwa hakuna mzee wa kabila atakayekuja kunikosoa. Kumbe vazi lisilo na mwenyewe halina wa kuulizwa, na kila mshono inabidi niutafutie sababu mimi.

Nilichagua kaniki, kitambaa cha buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, kwa magauni ya wanawake, na merikani, pamba isiyotiwa rangi, kwa mashuka ya wanaume, kwa kuwa ni vitambaa ambavyo misafara ya karne ya 19 iliviingiza bara, na mtazamaji wa huku ataviamini hata asipojua kwa nini. Darizi niliiweka mahali panapochakaa kwanza, yaani kwenye pindo, ukosi na mwisho wa mikono, ambako mishono iliyosongamana huimarisha kitambaa kinachosugua miba kutwa. Kipande cha kifuani nilikidarizi peke yake, kisha nikakishikiza kwenye gauni, kwa sababu anayehama hawezi kutupa kazi ya miezi eti kwa kuwa gauni limechanika mgongoni. Wanawake wa Palestina walifanya hivyo hivyo: gauni likichakaa, kifua hufumuliwa na kuhamishiwa jipya.

Saa 4 mteja alifika. Ni kijana mwenye adabu, na hilo ndilo linalofanya kumkasirikia kuwe kugumu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

Hakuketi. Alitoa simu akanionyesha picha iliyotengenezwa na kompyuta, ya mwanamke aliyejaa vioo vidogo kuanzia shingoni hadi miguuni, akasema kwamba anataka vioo hivyo, na kwamba darizi yote nyekundu igeuzwe kuwa ya buluu kwa sababu buluu itapendeza chini ya taa za jukwaani. Nilimuuliza buluu ya nani. Akaniangalia. Nikamweleza kwamba miongoni mwa Mabedui, Waarabu wafugaji wa majangwa ya Sinai na Negev, darizi nyekundu ilikuwa ya mwanamke aliyeolewa na ya buluu ilikuwa ya msichana ambaye hajaolewa, kwa hiyo akiwavika wote buluu atakuwa amewavunjia ndoa wake wote wa mchezo wake kwa siku moja. Isitoshe, uzi wa buluu juu ya kaniki hauonekani hata ukiwashiwa taa ngapi.

“Lakini mama, si ni maua tu? Kuna mashine ya kompyuta mjini, inamaliza kwa saa moja.”

Nilikubali kwamba mashine hiyo ipo na kwamba inafaa sana kwa nembo 200 za sare zinazofanana, lakini mavazi yake ni 5 na hakuna mawili yanayolingana. Kuhusu hilo la “maua tu”, nilimweleza habari za Warabari, wafugaji wa Kutch nchini India, ambao ni miongoni mwa wanaodarizi kwa vioo kama vile alivyoviona kwenye picha: mwaka 1995 wazee wa tawi lao moja waliwakataza wanawake kudarizi nguo zao, kwa kuwa mabibi harusi walikuwa wakikaa kwao miaka na miaka wakingoja nguo za harusi zikamilike ndipo waende kwa waume. Maua hayo yalichelewesha ndoa za watu. Alicheka, akaketi, na tukajadiliana kwa saa nzima na nusu, huku wateja wawili wakichungulia na kuondoka.

Tuliafikiana kwamba vioo viwekwe kwenye gauni moja pekee, la tajiri, na kwamba gauni la mjane libadilishwe liwe na buluu iliyopauka. Niliomba nyongeza ya shilingi 60,000, nikapewa 25,000.

Baada ya hapo sikutazama saa tena. Umeme ulikatika wakati fulani, nikasogeza kiti mlangoni kuufuata mwanga na kuanza kufumua kifua cha mjane, ambacho kukidarizi kulikuwa kumenichukua siku tatu. Kufumua mshono wa mnyororo ni rahisi ukiipata ncha ya uzi; usipoipata, unakata kitanzi kimoja kimoja kwa ncha ya mkasi, na kaniki hubaki na vitundu ambavyo mishono mipya lazima ivifunike. Shingo iliuma, kisha bega. Makande ya mchana niliyala yamepoa. Mwanafunzi wangu alinihurumia akaniambia nipumzike, nami nilimkaripia bila sababu, jambo ambalo bado naliona aibu.

Jua lilikuwa limeshuka alipokuja dada atakayeigiza mjane kujaribu gauni. Nilimwomba achuchumae, ainame, abebe ndoo. Pindo halikumkwaza. Kifua kilikuwa kimefika nusu.

Kwenye kifodi cha kurudi, mzee mmoja alivitazama vidole vyangu vilivyoingia rangi ya kaniki akaniuliza kama nimetoka kupiga kura. Nilimjibu kwamba nimetoka kufumua.