Nukta mbili chini ya ye

Baba mkubwa amenipigia tena jana baada ya Isha. Hata salamu hazijaisha nilishajua anataka nini katika nakala ninayoiandika ya daftari la ukoo. "Mwanangu, pale kwa babu yako andika mzaliwa wa Pangani. Lile jingine liache."

Lile jingine ni mzalia. Watu wa pwani mnalijua: mtumwa aliyezaliwa huku huku, nyumbani kwa bwana wake. Ndilo lililomo katika daftari la shangazi, lililokaa kashani hapa Ngamiani, Tanga, tangu sisi wadogo, Kiswahili kitupu kwa hati za Kiarabu. Na mwandishi kaliandika mara mbili katika mstari mmoja: baba wa mtoto mzalia, mama wa mtoto mzalia. Mtoto huyo ndiye babu.

Kwa hati zile, mzalia na mzaliwa vinapishana kwa herufi moja tu, huku ye, kule wau. Nililipeleka daftari mlangoni asubuhi, jua likiwa bado chini, nikauinamisha ukurasa mpaka mkwaruzo wa kalamu ukaonekana pale wino ulipofifia. Nukta mbili zipo chini ya herufi. Zimegusana kidogo, lakini zipo, mara zote mbili. Maalim naye kazisoma vivyo hivyo, na mimi nilikuwa sijamwambia nilichokiona. Siku zote nafanya hivyo, maana ukimtajia mtu neno kabla hajasoma, ataliona hilo hilo.

Najua baba mkubwa anaogopa nini. Mji huu una maneno, na wajukuu bado wanaposwa. Lakini aliyeshika kalamu ile aliwajua watu hawa kwa sura, mimi siwajui. Nikibadilisha herufi leo, na daftari lenyewe likaja kuliwa na mchwa, atakayeshika nakala yangu atakuwa amebaki na maneno yangu tu, akidhani ni yao.

Halafu kuna mwaka. Umeandikwa ١٣٢٥, kwa kalenda ya Kiislamu. Aliyezoea tarakimu za shule, ile ya mwisho kulia ataisoma sifuri, na ndivyo ilivyoingia katika orodha ya ukoo inayozunguka kwenye simu zetu: 1320, yaani babu kazaliwa 1902. Lakini sifuri ya Kiarabu ni nukta. Nimepitia hesabu za nazi na madeni kurasa za nyuma, mkono ule ule, na sifuri zake zote ni nukta, tano zake zote ni viduara. Ni 1325, na mwanzo wa mfunguo sita (Rabiul-awwal) wa mwaka huo uliangukia Aprili 1907.

Miaka hiyo mitano ina uzito. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Wazazi wao waliachwa vile vile. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Basi babu yangu alizaliwa huru mikononi mwa watu wawili ambao hawakuwa huru. Ukisoma 1320, hilo linapotea. Ukiandika mzaliwa, linapotea pia. Nilipolielewa hili nilifunga daftari nikakaa kitambo bila kufanya kitu.

Nakala yangu ina safu. Kwanza hati kama zilivyo, mstari kwa mstari. Kisha herufi za Kirumi, bila kusahihisha. Kisha ninavyoelewa mimi. Herufi be moja hubeba b, p, na mara nyingi hata mb. Kasra, ile alama ya chini ya herufi, hubeba i na e. Kwa hiyo yuko mtu humo ambaye ama ni Bibi ama ni Pembe, na maandishi ni yale yale. Nimemwacha katika mabano na alama ya kuuliza. Atakaa hapo mpaka nimkute penginepo.

Binamu yangu wa Bagamoyo yeye anahangaika na maandishi ya mapadre wa Kifaransa, waliofungua misheni pale mwaka 1868, ambao u yetu waliiandika ou. Akitoka huko anakutana na Wajerumani na "Bagamojo" yao. Alitaka kunyoosha yote yawe ya kisasa. Nimemsihi asinyooshe chochote katika safu ya kwanza. Tahajia ndiyo inayomwambia nani alishika kalamu.

Baba mkubwa nimemwambia naongeza safu ya nne, ya maneno ya wazee, na kila neno litakaa na jina la aliyelisema na tarehe. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama humo inaweza kuingia habari kwamba mama wa babu baadaye alikuwa na shamba lake mwenyewe la minazi, ng'ambo ya mto Pangani. Nikamwambia hapo ndipo mahali pake hasa. Jumapili anakuja na shangazi mdogo, ambaye anakumbuka shamba lile lilipakana na la nani.