Sio kila mbaya ni wa Mirembe

Juzi kwenye daladala jamaa wawili walikuwa wanaangalia klipu ya rais mmoja wa nje huko anafoka jukwaani, mmoja akasema huyu apelekwe Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, gari zima wakacheka. Kaka yangu alikuwa siti ya dirishani, akageuza uso akawa anaangalia nje mpaka tunashuka. Kaka ameshalazwa Mirembe mara mbili. Mi nilikaa kimya na imeniuma sana, ndo maana naandika hapa.

Sisi tuliolelewa na watu waliopigana vita ya Kagera tumekua tunasikia Idi Amin, yule mtawala wa Uganda, alikuwa chizi, wengine wanaongezea eti kaswende ilimpanda kichwani, uvumi ambao haujawahi kuthibitishwa. Na kweli ukiangalia vituko vyake unaweza ukaamini, mtu anajipa cheo cha Mshindi wa Dola ya Uingereza, mwaka 1972 anasema ameoteshwa awafukuze Waasia alafu anawapa siku 90 waondoke.

Lakini hebu tuangalie na mengine. Januari 1971 alipindua serikali wakati Rais Obote yuko Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, yaani muda ule ule ambao mwenye nyumba hayupo. Akakaa miaka 8. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa, na serikali yake ikatangaza ni ajali ya gari! Sasa mtu anayeua alafu anakaa kutunga ajali si anajua kabisa alichofanya ni kibaya, ndo maana anaficha? Na Kampala ilipoanguka Aprili 1979 alijua pa kukimbilia, akaenda Libya baadae Saudi Arabia, akafia Jeddah 2003 bila kusimama mahakamani hata siku moja. Tukisema alikuwa kichaa tunamsamehe bure, manake mwendawazimu hata sheria haimhesabii kosa kama mtu mzima wa akili. Tunawasamehe na wale waliokuwa wanasaini makaratasi na kuendesha magari usiku. Redioni wakati ule walimwita nduli, na hilo neno linamtosha kabisa.

Alafu hii ya kupima akili ya mtu kwa mbali ata madaktari wenyewe iliwashinda. Mwaka 1964 Marekani, Barry Goldwater anagombea urais, jarida moja linaitwa Fact likawaandikia madaktari wa akili zaidi ya 12,000 kuwauliza kama anafaa, wakajibu kama 2,400 hivi, na 1,189 wakasema hafai, wakati hawajawahi kukaa nae chumba kimoja kumsikiliza! Goldwater akashtaki akashinda. 1973 chama cha madaktari wa akili cha kule kikaweka kanuni kwamba daktari asitangaze ugonjwa wa mtu ambae hajampima na hajapewa ruhusa nae. Sasa kama daktari amekatazwa, mimi na wewe tunatoa wapi vipimo?

Sisemi viongozi wasihojiwe. Kiongozi akishindwa kazi, akidanganya, akiua watu, tuseme hivyo hivyo, amedanganya, ameua. Hayo yanaonekana kwa macho na hayahitaji daktari.

Kaka yangu yeye hajawahi kumpiga mtu. Akizidiwa anakosa usingizi, anaongea sana, anagawa vitu vyake, akitulia analia kwa aibu. Anameza dawa zake kila siku na ni fundi seremala mzuri tu.

Jioni ile nikamhadithia habari ya Kjell Magne Bondevik, waziri mkuu wa Norway, ambae mwaka 1998 alitangaza waziwazi kwamba ana sonona, akachukua likizo wiki tatu na kitu. Kaka akaacha kula, akauliza, kwa hiyo kazi yake wakampa mtu? Nikamwambia alikaimu mwenzie, Anne Enger Lahnstein, yeye alivyopata nafuu akarudi ofisini kwake, na 2001 akawa tena waziri mkuu, akakaa mpaka 2005.

"Walijua kabisa anaumwa?"

Walijua, nchi nzima, alisema mwenyewe.

Akaomba nimuandikie lile jina kwenye karatasi.